Swichi ya taa inapata joto hata ikiwa imezimwa: nyaya za nyuma nizitambueje kabla ya kubadilisha?

KimaraMwisho77

Wakuu, habari za jioni.

Swichi ya sebuleni ni ya gengi mbili, moja ya taa ya ndani na nyingine ya taa ya barazani. Siku hizi inatatarika ukiibonyeza, na plastiki yake imegeuka kahawia upande wa kushoto. Kinachonishangaza ni kwamba inapata joto hata taa zote mbili zikiwa zimezimwa. Nimenunua swichi nyingine, nimezima meni swichi, nimefungua skrubu mbili za mbele na kuivuta nje ya boksi. Nyaya bado zimebanwa, sijalegeza hata mmoja.

Ninachokiona nyuma ni hiki. Tundu la L la swichi ya kwanza lina nyaya mbili nyekundu pamoja na kipande kifupi chekundu kinachovuka kwenda tundu la L la swichi ya pili. Tundu la 1 la swichi ya kwanza lina mweusi mmoja. Tundu la 1 la swichi ya pili lina wa njano mmoja. Halafu ndani kabisa ya boksi kuna nyeusi mbili zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu, hazigusi swichi. Kijani hakuna popote. Boksi ni la bati, nyaya zinapita kwenye bomba la plastiki ndani ya ukuta, umeme ni wa LUKU.

Swichi mpya haina L na 1. Kila upande una COM, L1 na L2, jumla matundu sita. Sasa, mweusi si ndiyo nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme? Mbona mmoja uko kwenye swichi na mbili ziko pembeni? Na hayo matundu ya ziada yanaingia nini? Nina testa ya bisibisi na maltimita ya kawaida. Natanguliza shukrani.

mkali_wa_waya

Mkuu, kazi ya dakika kumi hiyo. Washa umeme, gusa kila waya kwa testa. Unaowasha testa ni moto, yaani unaoleta umeme, usiowasha ni nyutro. Nyeusi ni nyutro nchi nzima, kwa hiyo zote tatu zikae pamoja kwenye L2 iliyobaki wazi. Umemaliza.

BintiNguzo

KimaraMwisho77, tafadhali usifanye hivyo. Mkali, samahani, lakini ushauri wako utaleta mlipuko, na utatokea wakati wa KUZIMA taa, si wakati wa kuwasha. Nieleze kwa nini.

Swichi aliyonunua ni ya njia mbili. COM yake haikai wazi kamwe. Ukibonyeza chini inagusa L1, ukibonyeza juu inagusa L2. Moto ukiwa COM na nyutro ikiwa L2, siku akizima taa COM inagusa L2, na hapo moto na nyutro zimekutana uso kwa uso bila taa katikati. Sakiti breka ikiwa nzima itaanguka. Ikiwa imebadilishwa na kubwa kuliko inavyotakiwa, swichi itapasuka mkononi mwake.

Kuhusu rangi. Nyumba nyingi zilifungwa kwa mfumo wa zamani wa Kiingereza: nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ethi (waya wa ardhini). Mfumo mpya ni kahawia moto, bluu nyutro, kijani chenye mstari wa njano ethi. Waingereza wenyewe walihamia huo kati ya 2004 na 2006, na madukani kwetu rangi zote bado zinauzwa kwa pamoja. Lakini kwenye boksi la swichi rangi inakuambia tu fundi alikuwa na roli gani siku ile. Kazi ya waya unaijua kwa mahali ulipofungwa na kwa kipimo.

Swichi ya taa haihitaji nyutro kabisa. Inakata moto na kuurudisha. Moto unaingia, halafu waya mwingine unatoka kwenda taa. Nyutro inatoka meni swichi na kwenda moja kwa moja kwenye holda ya taa. Kwa hiyo mweusi uliobanwa kwenye tundu la 1 ni waya wa taa, yaani unakuwa na moto kila taa inapowaka, rangi yake isikudanganye. Wa njano ni waya wa taa ya pili. Nyeusi mbili zilizosokotwa ndizo nyutro halisi. Zinapita tu kwenye boksi hilo zikielekea taa au chumba kingine. Ukizichanganya na mweusi wa kwanza, taa itakuwa na nyutro pande zote mbili na haitawaka.

Utaona sasa kwa nini kanuni ya "usiowasha testa ni nyutro" haifai. Taa ikiwa imezimwa, waya wa taa nao hauwashi testa.

Na testa yenyewe inategemea mwili wako. Mkondo mdogo sana unapita kwenye kitaa chake, kwenye kinzani iliyo ndani, kwenye kidole chako, hadi chini. Ukiwa umesimama juu ya stuli ya plastiki na kandambili za mpira, waya wenye volti 230 unaweza usiiwashe. Kinyume chake, waya ambao haujaungwa popote lakini umelala mita nane kando ya waya wa moto ndani ya bomba unaweza kuiwasha kwa mbali. Testa ikiwaka, amini kuna kitu. Isipowaka, usiamini lolote.

Nyundo_na_Koleo

Dada BintiNguzo kamaliza suala la rangi. Mimi niongeze la joto, maana naona hilo ndilo ugonjwa wenyewe, na ukibadilisha swichi tu litarudi.

Taa mbili za LED za wati 9 ni wati 18, chini ya ampia 0.1. Mkondo huo hauwezi kupasha joto kitu chochote. Tena swichi inapata joto ikiwa imezimwa. Basi mkondo unaoipasha si wa taa hizo. Angalia zile nyekundu mbili kwenye L: mmoja unaleta moto, wa pili unaupeleka mbele kwenye swichi nyingine. Chochote kilicho mbele kinakunywa umeme kupitia skrubu hiyo moja, uwe umewasha taa zako au hapana.

Nashuku huko mbele kuna soketi iliyofungwa kwenye laini ya taa. Birika la wati 2000 linavuta ampia 8.7. Skrubu ikilegea kidogo tu ikawa na ukinzani wa omu 0.3, joto linalozalishwa pale ni karibu wati 23, kama ncha ya pasi ndogo ya kulehemu risasi iliyofungiwa ndani ya ukuta. Plastiki lazima igeuke kahawia.

Namna ya kuhakikisha: zima sakiti breka ya taa peke yake, acha nyingine zote. Chukua chaja ya simu, pita kila soketi ya nyumba, na uwani usisahau. Soketi itakayokufa iko kwenye laini ya taa. Angalia pia namba iliyo kwenye breka ya taa. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 inatakiwa ampia 6 au 10. Ukikuta 20 au 32, kuna mtu aliichoka kuanguka akaweka kubwa, na hapo waya ndio umegeuka kuwa fyuzi.

Sasa kazi yenyewe.

Zima meni swichi, si breka ya taa peke yake. Breka ndogo inakata waya mmoja tu. Kama moto na nyutro zimegeuzwa huko nyuma, kwenye mita au kwenye nguzo baada ya matengenezo, breka itakata nyutro na moto utabaki umesimama ndani ya boksi. Meni swichi inakata zote mbili. Kama una inverta, sola au jenereta, zima na hiyo. Na usifanye kazi kwa kutegemea kwamba umeme umekatika mtaani au LUKU imeisha. Mtu wa nyumbani ataingiza tokeni wakati umeshika waya.

Kabla ya kuzima, pima soketi inayofanya kazi kwa maltimita: V yenye alama ya wimbi, kiwango cha 600 au 750, waya mweusi wa kipimo kwenye COM na mwekundu kwenye tundu la V. Kama mwekundu uko kwenye tundu la 10A, usiguse umeme nao. Tundu hilo lina ukinzani mdogo mno na utakuwa umepiga shoti kwa mikono yako. Ukisoma kati ya 220 na 240, kipimo ni kizima. Zima meni swichi, pima soketi ile ile uone sifuri, kisha pima kwenye swichi: kila tundu dhidi ya boksi la bati, kila tundu dhidi ya zile nyeusi mbili (fungua tepu kidogo), na tundu kwa tundu. Mwisho weka kipimo kwenye mlio, gusanisha ncha zake uhakikishe nyaya za kipimo hazijakatika katikati ya kazi. Sifuri ya kipimo kibovu inafanana sana na sifuri ya kweli.

Piga picha. Bandika tepu ya karatasi kwenye kila waya na uandike: "MOTO" kwa nyekundu mbili, "TAA NDANI" kwa mweusi, "BARAZA" kwa wa njano. Ndipo ulegeze skrubu.

Kwenye swichi mpya: nyekundu mbili na mwanzo wa kipande kifupi ziingie COM ya kwanza, mwisho wa kipande uingie COM ya pili. Mweusi L1 ya kwanza, wa njano L1 ya pili. L2 zote mbili zibaki tupu, skrubu zake uzikaze tu zisidondoke. Kama ukimaliza taa inawaka ukibonyeza juu badala ya chini, hamisha waya wa taa kutoka L1 kwenda L2, hakuna kilichoharibika. Kosa linalowapata wengi ni kuweka moto L1 na taa L2. Hizo mbili hazigusani kamwe, unabonyeza mpaka kidole kichoke.

Menya gamba milimita 8 hadi 10. Ukimenya ndefu, shaba inabaki nje ya tundu na itagusa boksi. Ukimenya fupi, skrubu inabana plastiki badala ya shaba, taa inawaka wiki mbili halafu inaanza kupepesa. Waya mmoja ukiwa peke yake kwenye tundu kubwa, kunja ncha iwe mara mbili. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Ukitoka, haukuwa umekaza.

Pwani254

Ndugu yangu, niongezee jambo la sisi wa huku Mombasa, na nadhani Dar na Unguja ni yale yale. Hewa ya chumvi inakula shaba. Ukitoa waya wa zamani ukaona ncha ni nyeusi au ina ukungu wa kijani, usiirudishe hivyo kwenye swichi mpya. Ukungu huo haupitishi umeme vizuri, utakaza skrubu hadi ivunjike na bado patapata joto. Kata ncha hiyo, menya upya hadi uone shaba inayong'aa.

Angalia gamba pia. Likiwa gumu na linapasuka ukilikunja, limeshaungua, rudi nyuma hadi ufikie laini. Urefu usipotosha, usivute waya kwenye bomba kwa nguvu. Unga kipande cha waya wa 1.5 kwa konekta ya plastiki ndani ya boksi. Hapo ndipo kina cha boksi kinapoleta taabu: la milimita 25 likiwa na nyaya saba na konekta halifungiki bila kuminya waya nyuma ya swichi, na waya uliominywa na skrubu ya kuufungia uso wa swichi ni shoti inayosubiri. La 35 linatosha.

Ukinunua kipande cha waya, kwaruza ncha kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe kama bati, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mwachie mwenye duka. Waya wa 1.5 wa kweli wenye nyuzi saba, kila uzi una unene wa milimita 0.53. Ulio na uzi mmoja una 1.38.

Na kwa kuwa huna kijani: swichi ya uso wa plastiki inakubalika, lakini usishawishike na zile za uso wa chuma unaong'aa. Boksi lako la bati halina ethi, na skrubu mbili za mbele zimeshikana na boksi hilo. Zifunike na vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyokuja kwenye paketi, watu wengi huvitupa.

KimaraMwisho77

Wakuu, mmenifumbua macho. Nyundo, umepiga penyewe. Nimezima breka ya taa, soketi ya chumba cha uani ikafa, na huko ndiko linakochemshwa maji kila asubuhi. Breka imeandikwa 20.

Nilipolegeza L, nyekundu mmoja ulitoka wenyewe bila kuvutwa. Shaba yake ni nyeusi na gamba limekauka kama sentimita mbili. Nimekata, nimemenya, urefu bado unatosha. Maswali mawili. Katika zile nyekundu mbili kuna haja ya kujua upi unaleta moto na upi unapeleka? Na ile soketi nifanyeje?

Nyundo_na_Koleo

Kwa kubadilisha swichi tu, huna haja, maana zote mbili zinarudi mahali pamoja. Ila kwako ningezitoa kwenye swichi kabisa. Chukua konekta ya ampia 15, zibane nyekundu zote mbili humo pamoja na kipande kipya cha waya wa 1.5, na kipande hicho ndicho kiende COM. Mkondo wa chumba cha uani utapita kwenye konekta yenye skrubu nene, swichi itabeba taa zake tu. Kama boksi ni fupi na haifungiki, basi rudisha zote kwenye COM ukikaza sawasawa.

Soketi ya uani usiiache hivyo. Leo hii usichemshe maji pale. Inatakiwa ipate waya wake wa 2.5 kutoka meni swichi na breka yake, na ethi. Hiyo si kazi ya bisibisi, mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA. Na ile breka ya 20 ya taa irudishwe 10. Ikianguka mzigo unapozidi, itakuwa inafanya kazi yake.

BintiNguzo

Kwa atakayesoma hapa akiwa tayari ameshang'oa nyaya zote bila kuweka alama, kuna njia ya kuzitambua umeme ukiwa umezimwa, nayo ni salama kuliko kubahatisha.

Zima meni swichi, chomoa kila kitu kwenye soketi zote, friji na televisheni zikiwemo, toa balbu zote za laini hiyo. Weka balbu ya kizamani ya waya, ya wati 60, kwenye taa moja tu unayoitafuta. Tenganisha nyaya za boksi zisigusane. Sasa tumia ekstensheni: ichomeke kwenye soketi ya karibu, na upande wake wa pili chomeka plagi yenye kipande cha waya uliofungwa kwenye nyutro peke yake. Hapo umeleta nyutro ya nyumba hadi ulipo, maana nyutro zote hukutana kwenye baa moja ndani ya meni swichi. (Nyumba yenye breka mbili za kuzuia mvujo inaweza kuwa na baa mbili za nyutro. Hapo ukutane na fundi.) Plagi hiyo ichomolewe kabla umeme haujarudi.

Weka kipimo kwenye omu. Gusa nyutro hiyo na kila waya wa boksi. Unaosoma omu moja au mbili, huo ni nyutro. Unaosoma kama omu 60 hadi 70 ni waya wa taa yenye balbu yako. Usiosoma kitu ni moto, au ni waya wa taa isiyo na balbu. Hamisha balbu kwenye taa inayofuata, rudia. Balbu ya LED haifai kwa kipimo hiki, ndani yake kuna saketi inayosoma ovyo.

Moto utauthibitisha mwishoni: kila ncha ikiwa imefungwa kwenye konekta yake na haigusi nyingine, weka watoto pembeni, washa, pima kila konekta dhidi ya nyutro iliyotambuliwa. Wenye 220 hadi 240 ndio unaoleta. Ukiona namba kama 40 au 80 kwenye waya mwingine usihangaike, hiyo ni volti hewa inayorukia kutoka waya jirani. Maltimita ya dijitali ina ukinzani mkubwa kiasi kwamba inaiona. Zima tena meni kabla ya kushika chochote.

ngazi_mbili

Samahani kudandia uzi. Mimi ni taa ya ngazi, swichi moja chini moja juu. Niling'oa ya juu, nyaya tatu zote nyekundu. Nikizirudisha, taa inawaka tu kama ya chini iko upande mmoja.

BintiNguzo

Umeweka waya wa kusafiri kwenye COM. Nyaya mbili kati ya hizo tatu zinasafiri kati ya swichi na swichi, zinakaa L1 na L2, na zikibadilishana hakuna tatizo. Wa tatu, unaokwenda taa au unaoleta moto, ndio pekee wenye haki ya kukaa COM.

Zima meni, chomoa vitu kwenye soketi, toa balbu. Ng'oa na swichi ya chini, ila huko weka alama waya wa COM kwanza. Huko chini sokota pamoja zile mbili za L1 na L2. Panda juu, weka kipimo kwenye mlio, jaribu jozi tatu: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Jozi itakayolia ndiyo ya kusafiri. Uliobaki ni COM. Usisahau kuzisokotoa zile za chini kabla ya kuzifunga.

KimaraMwisho77

Imekamilika, boksi lilikuwa na kina nikatumia konekta. Siku ya pili sasa swichi iko baridi kabisa. Kimebaki kitu kimoja: taa ya barazani, usiku ikiwa imezimwa, inamemeta kwa mbali kila baada ya sekunde kadhaa. Ya zamani haikufanya hivi. Swichi mpya ina kitaa kidogo chekundu kinachowaka ikiwa imezimwa.

Pwani254

Kitaa hicho ndicho mwizi. Ili kiwake swichi ikiwa imezimwa, lazima kipate njia ya kwenda nyutro, na njia pekee iliyopo ni kupitia balbu yako. Mkondo ni mdogo mno, lakini kapasita ya ndani ya LED inaukusanya polepole, ikijaa inamweka, inaanza tena. Balbu ya waya isingeonyesha chochote.

Kabla ya kulaumu kitaa, ondoa shaka moja kubwa zaidi, maana dalili hii hutokea pia nyumba ikiwa imegeuzwa moto na nyutro. Ukitazama soketi ya pini tatu, ethi iko juu, nyutro kushoto, moto kulia. Pima kushoto dhidi ya ethi kupitia ekstensheni iliyo wazi upande mmoja, usichokonoe tundu kwa bisibisi. Ukipata sifuri au volti chache, uko salama. Ukipata mia mbili na kitu, usibadilishe balbu yoyote bila kuzima meni, maana holda zako zina moto hata swichi ikiwa imezimwa, na uwaite TANESCO waangalie kwenye mita.

KimaraMwisho77

Nimepata volti 2.

Pwani254

Basi ni kitaa. Zima meni, vuta swichi, utaona nyaya mbili nyembamba kama nywele zinazotoka kwenye kitaa kwenda COM na L1. Zikate karibu na skrubu, ncha zake uzifunge tepu. Kama kwenye swichi yako kimefungiwa ndani hakionekani, badilisha balbu ya baraza kwa aina nyingine. Baadhi ya LED zina kinzani ya kumwaga chaji hiyo na hazimemeti.